Kompaili mjini, ikapige kazi shambani: kroskompaili kwa anayeanza na kwa aliyekwama

Tuseme una laptopu ya kawaida tu, Intel au AMD, uko zako Ng'ong'ona unapiga kodi, na programu unayoandika ni ya kusoma unyevu wa udongo na kufungua maji ya matone kwenye zabibu. Ila mashine itakayoiendesha siyo hiyo laptopu, ni Raspberry Pi Zero W, kakompyuta kadogo ka Linux, imefungwa kwenye boksi la plastiki chini ya sola huko Hombolo. Unakompaili, kwako inafanya kazi safi kabisa, unaikopi kwenda kule, unaiwasha, halafu:

```
bash: ./kisoma: cannot execute binary file: Exec format error
```

Hakuna kilichoharibika hapo. Pi ni nzima na kodi yako ni nzima, shida ni kwamba binari uliyopeleka ina maelekezo ya prosesa ya Intel na kule kuna ARM, hawaelewani hata kidogo. Kinachotakiwa ni kompaila inayokaa kwenye mashine ya hapa lakini inatema binari ya mashine ya kule, ndo kroskompaili yenyewe hiyo. Nitasema "hapa" na "kule" mwanzo mwisho ili tusipotezane.

Mtu atauliza, si nikompaili kulekule kwenye Pi yaishe? Inawezekana, kwa kaprogramu ka C ka mistari mia mbili wala haina neno. Lakini Pi Zero W ina kori moja ya 1GHz na RAM ya MB 512, ukiipa mradi wa Rust wenye laibrari nyingi itahema weee, na mara nyingi kabla haijamaliza kerneli (moyo wa Linux) inaiua linka (inayounganisha vipande vya programu kuwa binari moja) kwa kukosa memori, unaona neno moja tu limeandikwa `Killed` na hakuna maelezo. Halafu kila kinachokompailiwa kinaandikwa kwenye memori kadi ambayo nayo ina mwisho wake wa kuandikwa, na laibrari zote utazishusha kwa bando la modemu ya shambani. Kompaila ikae mjini aisee.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi mapema ni kwamba prosesa siyo inayosumbua. Kuiambia kompaila itoe ARM badala ya Intel ni suala la neno moja kwenye komandi. Kinacholiza watu ni libc, yaani ile laibrari ya msingi ya C ambayo karibu kila programu kwenye Linux inaitegemea, na laibrari nyingine zinazoning'inia juu yake. Ukilijua hilo toka mwanzo utaacha kuhangaika na fleg za prosesa wakati tatizo liko kwingine kabisa.

Kwanza iulize mashine ya kule

Fundi wa milango hachongi kabla hajapima tundu. Ingia kwa ssh kwenye mashine ya kule upige hizi:

```
uname -m
dpkg --print-architecture
getconf LONG_BIT
ldd --version | head -n 1
```

`uname -m` inakuambia kerneli inaionaje prosesa. Ukiona `armv6l` hiyo ni Pi ya kwanza kabisa au Pi Zero au Zero W. `armv7l` ni ARM ya biti 32 ya baadaye, mfano Pi 2. `aarch64` ni ARM ya biti 64, Pi 3, 4, 5 na Zero 2 W zinaweza. `x86_64` unaijua, ndo laptopu yako.

Sasa usiishie kwenye `uname` tu, hapa pana mtego mbaya. Matoleo ya karibuni ya Raspberry Pi OS ya biti 32 ukiyaweka kwenye Pi 4 huwa yanabuti na kerneli ya biti 64, kwa hiyo `uname -m` inasema `aarch64` wakati programu zote na laibrari zote zilizomo ni za biti 32. Ukienda na hilo jibu la kwanza ukakompaili ya biti 64, ukiiwasha haitakuambia Exec format error, itakuambia hivi (bash ya 5.2 kwenda mbele inaandika `cannot execute: required file not found`, kosa ni lilelile):

```
bash: ./kisoma: No such file or directory
```

Na faili liko palepale unaliona kwa `ls`! Mtu anaweza kushinda nalo siku nzima hilo. Maana yake ni kwamba kerneli imeikubali binari, ikasoma ndani yake kwamba ili iwake inahitaji kipakizi (kinachopakia laibrari kabla programu haijaanza) kinachoitwa `/lib/ld-linux-aarch64.so.1`, na hicho kipakizi ndicho ambacho hakipo. Siyo faili lako. Kuhakikisha:

```
readelf -l kisoma | grep interpreter
```

Itakutajia njia ya kipakizi inachotaka, halafu kacheki kama kule kipo. Ndo maana ya zile komandi nyingine, `dpkg --print-architecture` ikisema `armhf` basi ni biti 32 haijalishi `uname` imesema nini, ikisema `arm64` ni biti 64 kwelikweli. Kosa hilohilo la kipakizi kutokuwepo utalikuta pia kwenye Alpine (Linux ndogo) na kwenye rauta zenye OpenWrt, kwa sababu hizo hazitumii glibc, yaani libc ya Debian na Ubuntu, zinatumia libc nyingine inayoitwa musl, na kipakizi chake kina jina lingine.

Ile ya mwisho, `ldd --version`, inakupa toleo la glibc. Liandike kwenye daftari. Debian 11 ina 2.31, Debian 12 ina 2.36. Upande wa hapa Ubuntu 22.04 ina 2.35 na Ubuntu 24.04 ina 2.39. Hizo namba tutazirudia sana.

Kama umeandika kwa Go, una bahati

Kwa Go kazi yote ni mstari mmoja, toka toleo la 1.5 la mwaka 2015 hauhitaji kusakinisha kitu kingine chochote:

```
CGO_ENABLED=0 GOOS=linux GOARCH=arm GOARM=6 go build -trimpath -ldflags="-s -w" -o kisoma .
```

Kwa Pi ya biti 64 unaandika `GOARCH=arm64` na unaitoa hiyo `GOARM`. Kwa Pi Zero ya zamani `GOARM=6` iandike mwenyewe, usiiachie Go ikuchagulie. Kwa rauta nyingi za bei rahisi zenye MIPS ni `GOARCH=mipsle GOMIPS=softfloat`. Orodha nzima ya zinazowezekana unaipata kwa `go tool dist list`, ni ndefu kweli.

Hiyo `CGO_ENABLED=0` inazima cgo, njia ya Go ya kutumia kodi ya C, na ndo inayokuepusha na yale mambo ya libc, maana binari inakuwa imebeba kila kitu ndani yake na haiulizi glibc ya kule ni toleo gani. Ila ina bei yake, laibrari yoyote ya Go inayotumia C kwa ndani haitafanya kazi. Anayekamatwa sana hapa ni mwenye kuhifadhi data kwenye SQLite kwa kutumia `mattn/go-sqlite3`. Inakompaili bila hata kukohoa, unafunga safari mpaka shambani, unaiwasha ndo inakuambia `Binary was compiled with 'CGO_ENABLED=0', go-sqlite3 requires cgo to work. This is a stub`. Hamia `modernc.org/sqlite`, hiyo imeandikwa kwa Go tupu, ni nzito kidogo lakini kwa kuhifadhi vipimo vya udongo kila dakika kumi hutaona tofauti.

Kingine ni saa. Kwenye mashine zilizopunguzwa vitu, OpenWrt kwa mfano, na kwenye Windows pia, mafaili ya majira ya dunia huwa hayapo, sasa `time.LoadLocation("Africa/Dar_es_Salaam")` inarudisha kosa la `unknown time zone`, na kuna watu wana tabia ya kulipuuza kosa na kurudi kwenye UTC kimyakimya. Matokeo yake maji uliyopanga yafunguke saa kumi na mbili asubuhi yanafunguka saa tatu, jua la Dodoma limeshaanza kuchoma. Weka hii juu kwenye kodi yako:

```
import _ "time/tzdata"
```

Inaongeza kama KB 450 kwenye binari, basi.

C yenyewe, kwa gcc

Kwa wenye Debian au Ubuntu hapa:

```
sudo apt install gcc-aarch64-linux-gnu
aarch64-linux-gnu-gcc -O2 -o kisoma kisoma.c
file kisoma
```

Hilo jina refu la mbele ndo linalosema binari inaenda wapi: prosesa, mfumo, halafu aina ya libc. `aarch64-linux-gnu` ni ARM ya biti 64, Linux, glibc. Kwa biti 32 ni `arm-linux-gnueabihf`. Na komandi ya `file` iwe desturi kabla ya kupeleka kitu chochote, isome kwa makini, ukiona `x86-64` ujue bado hujakroskompaili kitu, ukiona `ARM aarch64` endelea, na angalia kama imeandika `dynamically linked` au `statically linked` maana hapo ndo unajua kama libc ya kule inakuhusu au haikuhusu.

Ikiwa ni `dynamically linked` na hapa unatumia Ubuntu 24.04 na kule kuna Debian 11, jiandae kukutana na huyu:

```
./kisoma: /lib/aarch64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found (required by ./kisoma)
```

Sheria ya glibc ni ya upande mmoja. Binari iliyotengenezwa na glibc ya zamani inafanya kazi kwenye mfumo mpya, lakini ya mpya kwenda kwenye mfumo wa zamani haiendi. Na hiyo namba 2.34 utaiona sana kwa sababu kwenye toleo hilo walibadilisha hata ile sehemu inayoanzisha programu, kwa hiyo hata programu isiyofanya lolote zaidi ya kusema "habari" itakataa. Ukitaka kujua kabla hujasafiri binari yako inadai toleo gani:

```
aarch64-linux-gnu-objdump -T kisoma | grep GLIBC
```

Angalia namba kubwa kuliko zote kwenye orodha, ilinganishe na ile ya kwenye daftari. Kama ya binari ni kubwa, usipande gari.

Njia za kutoka hapo ziko tatu. Kukompaili ndani ya kontena ya Debian 11, inafanya kazi ila ni bando la kutosha kuishusha. Kusasisha mfumo wa kule, sawa kama uko mezani kwako, siyo kama iko shambani inasubiri mtu apande bodaboda kwenda kuizima. Ya tatu ndo ninayoipenda mimi, Zig.

Zig ni lugha lakini hapa hatuandiki Zig, tunaikopa kompaila yake ya C. Ukishusha furushi lake moja, chini ya MB 100, unapata kompaila ya C ya karibu mashine zote, na libc zake zimo ndani, hakuna kusakinisha gcc ya huku na gcc ya kule. Na unaichagulia toleo la glibc unalotaka:

```
zig cc -target aarch64-linux-gnu.2.31 -O2 -o kisoma kisoma.c
```

Hiyo `.2.31` ya mwisho ni namba ya kwenye daftari. Hata kama hapa una Ubuntu mpya kabisa, binari itatoka kama vile imekompailiwa enzi za Debian 11. Au uachane na glibc moja kwa moja, uende na musl ambayo Zig inaifunga yote ndani ya binari:

```
zig cc -target aarch64-linux-musl -O2 -o kisoma kisoma.c
```

Hii inawaka kwenye Debian, Alpine, OpenWrt, popote penye ARM ya biti 64 na Linux. Kwa programu za kusimama peke yake shambani ndo chaguo langu la kwanza. Udhaifu wake ni kama programu yako inapakia laibrari nyingine wakati inatembea, zile plagini za `dlopen`, binari ya namna hii haiziwezi.

Turudi kwa Pi Zero W maana ina kesi yake. Utaona watu wanashauri `arm-linux-gnueabihf-gcc` kwa Pi zote za biti 32, na kwa Pi 2 kuja juu wako sawa. Lakini kompaila hiyo ya kutoka Debian na Ubuntu inalenga ARMv7, na Pi Zero W ni ARMv6, kwa hiyo programu inaanza tu halafu inaanguka na `Illegal instruction`. Ukiongeza `-march=armv6` unajisikia umetatua, bado, kwa sababu vipande vya kuanzishia programu ambavyo linka inaviunganisha vyenyewe vimeshakompailiwa kwa ARMv7 toka kwa Debian. Kwa Zig unasema:

```
zig cc -target arm-linux-musleabihf -mcpu=arm1176jzf_s -O2 -o kisoma kisoma.c
```

Hiyo arm1176 ndo kori yenyewe iliyomo kwenye Pi Zero W, na kwa kuwa Zig inaikompaili musl upya kwa ajili ya prosesa uliyotaja, hakuna kipande cha ARMv7 kinachopenya.

Pakianza kuwa na laibrari za nje

Hapa ndo kazi inaanza kuwa kazi. Programu ikihitaji SQLite ya C, au laibrari ya kuongea na ADS1115 (Pi haina pini za analogi kwa hiyo sensa ya udongo lazima ipitie kwenye kachipu kama hako), linka inataka kuziona laibrari hizo za ARM, siyo za laptopu yako. Usipoipa, inaenda kuzikuta za Intel na kulalamika:

```
skipping incompatible /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libsqlite3.so when searching for -lsqlite3
cannot find -lsqlite3
```

Wenye Debian hapa wana njia fupi:

```
sudo dpkg --add-architecture arm64
sudo apt update
sudo apt install libsqlite3-dev:arm64
aarch64-linux-gnu-gcc -O2 -o kisoma kisoma.c -lsqlite3
```

Wenye Ubuntu mkifanya hivyohivyo `apt update` itajaa makosa ya 404, kwa sababu Ubuntu inaweka vifurushi vya arm64 kwenye seva nyingine, `ports.ubuntu.com`, inabidi uiongeze kwenye vyanzo vya apt kwa ajili ya arm64 na zile za kawaida uziwekee alama ya amd64 tu. Ni usumbufu, na ule mtego wa toleo la glibc bado uko palepale.

Njia nyingine, na hii ndo inayokupa uhakika, ni kukopi laibrari kutoka kwenye Pi yenyewe. Watu wanaiita sisiruti. Ifanye ukiwa bado na Pi mezani, waya wa LAN katikati yenu, bando haliguswi:

```
mkdir -p ~/sisiruti/usr
rsync -a --copy-unsafe-links pi@10.42.0.7:/usr/include :/usr/lib ~/sisiruti/usr/
ln -s usr/lib ~/sisiruti/lib
aarch64-linux-gnu-gcc --sysroot=$HOME/sisiruti -O2 -o kisoma kisoma.c -lsqlite3
```

Usiisahau `--copy-unsafe-links`. Ndani ya `/usr/lib` kuna viungo vingine vinavyoelekeza kwenye njia kamili, na vikishafika kwenye laptopu yako vitaelekeza kwenye laibrari za laptopu badala ya za Pi, halafu unaanza kutafuta mchawi. Uzuri wa sisiruti ni kwamba toleo la glibc unalolinkia ni lilelile lililoko kule, kwa hiyo habari ya GLIBC_2.34 inaishia hapo.

Kama mradi unatumia pkg-config (inayotafuta laibrari ziko wapi), ielekeze huko nayo, la sivyo itakupa njia za hapa:

```
export PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR=$HOME/sisiruti
export PKG_CONFIG_LIBDIR=$HOME/sisiruti/usr/lib/aarch64-linux-gnu/pkgconfig:$HOME/sisiruti/usr/share/pkgconfig
```

(Hiyo folda ya `share` ikopi pia kama unaihitaji.) Mradi wa CMake unauandikia faili dogo, uliite `pi.cmake`:

```
set(CMAKE_SYSTEM_NAME Linux)
set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR aarch64)
set(CMAKE_C_COMPILER aarch64-linux-gnu-gcc)
set(CMAKE_CXX_COMPILER aarch64-linux-gnu-g++)
set(CMAKE_SYSROOT /home/wewe/sisiruti)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_PROGRAM NEVER)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY ONLY)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_INCLUDE ONLY)
```

halafu `cmake -B jenga-pi -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=pi.cmake`. Hakikisha folda ya `jenga-pi` ni mpya, CMake inakumbuka kompaila ya mara ya kwanza na hata umbembeleze vipi haibadiliki mpaka ufute. Kwa miradi ya kizamani yenye `./configure` unaweka `--host=aarch64-linux-gnu`. Siyo `--target`, hiyo ya `--target` ni kwa wanaotengeneza kompaila zenyewe, akili yako itakuambia target ndo kule lakini kwenye configure kule ni host, hakuna namna, izoee.

Rust kwa kifupi: `rustup target add aarch64-unknown-linux-gnu` inakuletea laibrari za Rust lakini haikuletei linka, kwa hiyo lazima uitaje:

```
export CARGO_TARGET_AARCH64_UNKNOWN_LINUX_GNU_LINKER=aarch64-linux-gnu-gcc
cargo build --release --target aarch64-unknown-linux-gnu
```

Ukiisahau hiyo ya kwanza utaona `file in wrong format` na maneno ya `EM: 183`, hiyo 183 ni namba ya ARM64 kwenye mfumo wa mafaili ya ELF, yaani linka ya Intel inakuambia haimjui huyu mgeni. Mtego wa glibc uko vilevile, na kuna `cargo-zigbuild` inayoiunganisha Zig humohumo.

Ijaribu kabla hujapanda gari

Nauli ya kwenda kugundua kosa ambalo ungeligundua mezani inauma. Sakinisha `qemu-user-static`, ni QEMU inayoigiza prosesa nyingine, inakuwezesha kuwasha binari ya ARM kwenye laptopu ya Intel:

```
qemu-aarch64-static -L /usr/aarch64-linux-gnu ./kisoma
qemu-arm-static -cpu arm1176 ./kisoma
```

Ya pili ni kwa ile ya Pi Zero W. Hiyo `-cpu arm1176` ndo ya muhimu, bila hiyo QEMU inakubali maelekezo ya ARM za juu na utaambiwa iko poa wakati kule itaanguka. Ukiitaja, `Illegal instruction` inakutokea hapahapa ukiwa na chai yako. Ukiwa na sisiruti weka `-L $HOME/sisiruti` ili ijaribiwe na laibrari za kule hasa. Pini za GPIO na I2C (ambako sensa zinaunganishwa) QEMU ya namna hii haikupi, kwa hiyo sehemu ya kusoma sensa itengenezee njia ya kusoma namba kutoka kwenye faili la kawaida, utashukuru.

Kwa wanaopeleka kwenye Windows

Wapo wenye kazi tofauti, mathalani ghala la mahindi Kibaigwa lina kompyuta ya kizamani imeunganishwa na mzani, au steshenari mjini inataka programu ya mauzo, na wewe laptopu yako ni Linux. Kwa C:

```
sudo apt install gcc-mingw-w64
x86_64-w64-mingw32-gcc -O2 -static -o mzani.exe mzani.c
```

Kama Windows yao ni ya biti 32 tumia `i686-w64-mingw32-gcc`. Hiyo `-static` iweke, bila hiyo inaweza kudai DLL za mingw ambazo kule hazipo. Kwa Go ni `GOOS=windows GOARCH=amd64`, ila uliza kwanza ni Windows ipi, kwa sababu Go 1.20 ndo ya mwisho kukubali Windows 7 na 8, kuanzia 1.21 inataka Windows 10 kwenda mbele. Kompyuta za kwenye maghala hazibadilishwi kirahisi, kwa hiyo weka Go 1.20 pembeni kwa ajili ya wateja wa aina hiyo.

Mac naipita haraka. Kwa Go bila cgo inakubali, `GOOS=darwin GOARCH=arm64`. Kwa C yenye laibrari za Apple unahitaji SDK yao, tafuta mtu mwenye Mac akukompailie, ni rahisi kuliko kupambana.

Kupeleka

Binari ya C isiyopunguzwa inabeba majina na taarifa za kutafutia makosa, ipunguze kwanza ili bando la kule lisiliwe bure, ila tumia strip inayoelewa binari za kule, `aarch64-linux-gnu-strip kisoma`. Ya laptopu inaweza kukukatalia kwamba haitambui faili la aina hiyo. Ya Go kama uliweka `-s -w` imeshapungua.

Halafu usikopi binari mpya juu ya ile inayotembea, utaambiwa `Text file busy`, au kama mtandao ukikatika katikati unabaki na nusu binari na zabibu hazina maji. Ipeleke kwa jina lingine, ihakiki, ndo uibadilishe:

```
sha256sum kisoma
scp kisoma pi@10.42.0.7:kisoma.mpya
ssh pi@10.42.0.7
sha256sum kisoma.mpya
chmod +x kisoma.mpya
sudo cp /opt/kisoma/kisoma /opt/kisoma/kisoma.zamani
sudo mv kisoma.mpya /opt/kisoma/kisoma
sudo systemctl restart kisoma
systemctl status kisoma
```

Zile sha256sum mbili zisipolingana rudia scp, usijipe moyo. Na kwenye `status` ukiona `status=203/EXEC` basi systemd imeshindwa hata kuianza, ni ama binari ya prosesa nyingine, ama kile kipakizi hakipo, ama umesahau chmod. Rudisha ya zamani kwanza maji yaendelee, `sudo mv /opt/kisoma/kisoma.zamani /opt/kisoma/kisoma` na restart, halafu rudi kwenye `file` na `readelf` taratibu.